Maswali Kabla ya Mikono: Mgonjwa Mpya na Tiba ya Kairopraktiki

Maumivu ya kiuno ni miongoni mwa maradhi yanayowaleta watu wengi hospitalini, na pia miongoni mwa yale yanayowarudisha nyumbani bila kuridhika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619, yaani mtu mmoja katika kila 13, walikuwa na maumivu hayo, na kwamba idadi hiyo itafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Kwa walio wengi hakuna mfupa uliovunjika, uvimbe wala maambukizi. Mgongo huuma bila kipimo chochote kuonyesha chanzo kimoja. Mgonjwa wa namna hii hupewa vidonge, huambiwa apumzike, na wiki tatu baadaye yuko palepale. Si ajabu basi kwamba akisikia habari za mtaalamu anayeweza kuunyoosha mgongo kwa mikono, humwendea.

Zamani angemwendea mkandaji au fundi wa kuunga mifupa, na wengi bado huwaendea. Siku hizi, katika miji kama Dar es Salaam na Nairobi, anaweza pia kukuta kliniki ya kairopraktiki, na katika simu yake huona video za watu wakizungushwa shingo, viungo vikialika, nao wakiinuka wakitabasamu. Ndipo swali hutufikia sisi watumishi wa afya: "Daktari, niende nisiende?" Baadhi yetu hulijibu kwa dhihaka, wengine kwa kupandisha mabega. Majibu yote mawili humwacha mgonjwa peke yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba jibu linalofaa lipo, nalo ni rahisi kulikumbuka: thamani ya mikono hiyo hutegemea maswali yaliyoulizwa kabla haijagusa mgongo. Mtaalamu anayeuliza kwanza, na aliye tayari kumwambia mgonjwa, "Wewe tiba yako haiko kwangu, nenda hospitali," anaweza kukusaidia. Asiyeuliza ni hatari, hata awe na mikono mizuri namna gani.

Chimbuko la tiba hii

Kairopraktiki ilianzia Davenport, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, mwaka 1895. Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada, hakuwa daktari. Alikuwa mponyaji aliyedai kutumia nguvu za sumaku. Alisimulia kwamba aliisukuma pingili ya mgongo ya Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi aliyekuwa hasikii vizuri, naye akarudiwa na usikivu wake. Jina la tiba lilitungwa kutokana na maneno ya Kigiriki yanayohusu mkono na utendaji. Juu ya tukio hilo Palmer alijenga nadharia kubwa mno: kwamba karibu maradhi yote hutokana na pingili zilizohama kidogo mahali pake na kubana mishipa ya fahamu, na kwamba kuzirudisha ni kuuponya mwili.

Nadharia hiyo haikustahimili uchunguzi. Mshipa wa fahamu wa kusikia haupiti hata mgongoni. Hutoka sikioni ukaingia moja kwa moja katika ubongo. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Kairopraktiki la Uingereza, ambalo ndilo chombo cha kisheria kinachosimamia taaluma hiyo nchini humo, lilitamka kwamba dhana ya pingili zilizohama ni ya kihistoria, na kwamba hakuna utafiti wa kitabibu unaothibitisha kuwa ndiyo chanzo cha maradhi.

Hata hivyo, historia ina funzo pia kwa madaktari. Mwaka 1987 mahakama nchini Marekani, katika kesi iliyofunguliwa na Chester Wilk na wenzake, iliamua kwamba Chama cha Madaktari cha Marekani kilivunja sheria ya ushindani kwa kuendesha mgomo dhidi ya wataalamu wa kairopraktiki. Hukumu hiyo haikusema kwamba tiba yao huponya. Ilionyesha tu kwamba kumtenga mtu ni jambo moja, na kumjibu kwa ushahidi ni jambo jingine.

Leo taaluma hii ina watu wa namna mbili. Wapo wanaojishughulisha na maumivu ya mgongo, shingo na viungo, wakichanganya kazi ya mikono na mazoezi, na kuwapeleka hospitali wagonjwa wasio wao. Wapo pia walioshikamana na nadharia ya kale, wanaoahidi kutibu pumu, shinikizo la damu, kisukari na hata ugumba kwa kunyoosha mgongo. Kibao cha mlangoni hakiwatofautishi. Ahadi zao ndizo zinazowatofautisha. Anayekuambia uache vidonge vya shinikizo la damu kwa sababu pingili yako imerudi mahali pake, ondoka kwake siku hiyo hiyo.

Mikono hufanya nini, na haifanyi nini

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, yaani yale yanayodumu zaidi ya miezi mitatu bila kutokana na ugonjwa mwingine. Miongoni mwa tiba linazozikubali ni elimu kwa mgonjwa, mazoezi, msaada wa kisaikolojia, dawa za kutuliza maumivu na uvimbe kama ibuprofeni, na tiba za mikono, zikiwemo kukanda na kunyoosha uti wa mgongo. Pendekezo la kunyoosha mgongo ni la masharti, kwa kuwa ushahidi wake si wa nguvu. Mwongozo huo huo hauungi mkono mikanda ya kiuno, kuvuta mgongo kwa vyombo, wala dawa za jamii ya afyuni. Uingereza, kwa upande wake, katika mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2016, ilikubali tiba za mikono kwa maumivu ya kiuno endapo tu zinaambatana na mazoezi.

Je, faida yenyewe ni kubwa kiasi gani? Ni ya wastani. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la BMJ ulionyesha kwamba kwa maumivu sugu ya kiuno, kunyooshwa mgongo huleta matokeo yanayokaribiana na yale ya tiba nyingine zinazopendekezwa. Maana yake ni mbili. Kwanza, anayesema tiba hii ni uongo mtupu hasemi kweli. Pili, mkulima wa Singida asiye na kliniki ya kairopraktiki karibu naye hajakosa muujiza wowote. Mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya mkoa na mazoezi anayoyafanya kila siku nyumbani vinaweza kumfikisha palepale.

Mgonjwa mpya ajue pia mlio ule ni nini. Kiungo kinapovutwa ghafla, hewa iliyoyeyuka katika maji ya kiungo hutengeneza uwazi, nacho hualika, kama vinavyoalika vidole. Si mfupa unaorudi mahali pake. Mlio mkubwa hauonyeshi kwamba tiba imefaulu, na ukimya hauonyeshi kwamba imeshindwa. Baada ya tiba ni kawaida mwili kuuma kidogo kwa siku moja au mbili. Maumivu yanayozidi baada ya hapo, au ganzi ambayo haikuwapo, si jambo la kawaida.

Ziara ya kwanza huanza kitini

Wengi hutarajia kwenda moja kwa moja kitandani. Ziara ya kwanza iliyo njema huanza kitini, kwa mazungumzo. Mtaalamu anapaswa kukuuliza maumivu yalianza lini na baada ya nini. Kama yanashuka mguuni au mkononi. Kama yanakuamsha usiku hata ukiwa umetulia. Kama umepungua uzito au una homa. Kama umewahi kuugua saratani. Kama ulianguka au kupata ajali. Kama una ujauzito. Na unatumia dawa gani, hasa za kuzuia damu kuganda, au steroidi kwa muda mrefu. Atauliza kama una selimundu, Virusi vya UKIMWI au ugonjwa wa mifupa. Kisha atapima nguvu za miguu, hisia za ngozi na mwitiko wa goti likigongwa, na atagusa uti wa mgongo pingili kwa pingili. Yote haya huchukua muda. Ikiwa umeingia na baada ya dakika tano viungo vimekwisha kualika, jambo la msingi limerukwa.

Mgonjwa naye ana wajibu wa kujibu kweli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeficha kwamba anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kudhani hazihusiani na mgongo, humnyima mtaalamu taarifa ambayo ingemzuia kutumia nguvu.

Hapa kwetu maswali hayo yana uzito wa pekee. Tanzania, Kenya na Uganda zote ziliwekwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka 2021 hadi 2025. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Kikiingia katika mifupa, uti wa mgongo ndio hushambuliwa zaidi. Mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliieleza hali hiyo mwaka 1779, na hadi leo madaktari huiita kwa jina lake. Huanza polepole. Mgongo huuma kwa wiki na miezi, mgonjwa hukonda, jioni hupata homa ndogo, na mara nyingi hakohoi kabisa. Vimelea hula pingili hadi zikabonyea, kibyongo hutokea, na usaha au mfupa uliobomoka hubana neva zilizo ndani ya uti wa mgongo, miguu ikapooza.

Pingili iliyokwisha kuliwa hivyo ikisukumwa kwa nguvu inaweza kuporomoka. Tena mgonjwa huyo hahitaji mikono ya mtu. Anahitaji dawa za kifua kikuu, ambazo nchini Tanzania hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Kila wiki anayoitumia kunyooshwa ni wiki anayokosa tiba yake. Ndivyo ilivyo pia kwa mzee ambaye saratani ya tezi dume imesambaa hadi mgongoni, na kwa mama ambaye saratani ya matiti imefanya hivyo hivyo. Wote wawili watasema, "Kiuno kinaniuma," kama anavyosema mpakiaji wa magunia aliyejitonesha msuli.

Kwa hiyo, yeyote mwenye dalili zifuatazo asikubali kunyooshwa mgongo, bali aende hospitali kwanza:

– homa, jasho jingi la usiku au kukonda bila sababu, pamoja na maumivu ya mgongo;
– maumivu yasiyopungua hata akilala, au yanayozidi usiku baada ya usiku;
– historia ya saratani, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali;
– udhaifu wa mguu au mkono unaoongezeka;
– uvimbe au kibyongo kipya mgongoni.

Dalili moja haingoji hata kesho: ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, pamoja na kushindwa kukojoa au kushindwa kuzuia haja. Hiyo ni dharura ya neva za mwisho wa uti wa mgongo, na upasuaji ukichelewa, ulemavu unaweza kubaki maisha yote.

Shingo si kiuno

Shingo inahitaji tahadhari ya peke yake. Ndani ya matundu ya pingili zake hupita mishipa miwili ya damu iendayo nyuma ya ubongo. Ukuta wa ndani wa mshipa huo ukichanika, damu huganda hapo, na donge likifika katika ubongo huleta kiharusi, hata kwa kijana. Chama cha Moyo cha Marekani, katika tamko la mwaka 2014, kilieleza kwamba tukio hili ni nadra na kwamba haijathibitishwa kuwa kuzungusha shingo ndiko kunakolisababisha. Mtu ambaye mshipa wake umekwisha kuanza kuchanika huumwa shingo na kichwa, na maumivu hayo ndiyo humpeleka kwa mtaalamu. Hata hivyo, chama hicho kilishauri wagonjwa waelezwe juu ya uhusiano huo kabla ya kuguswa shingo.

Kwa maoni yangu, tahadhari hiyo inatosha kumwongoza mgonjwa mpya. Maumivu mapya ya shingo yasiyofanana na yoyote uliyowahi kuyapata, hasa yakiambatana na kichwa, kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito au kuyumba, ni ya hospitali. Kwa maumivu ya kawaida ya shingo zipo njia za upole: mazoezi, kukandwa misuli, kusogeza kiungo taratibu bila mshtuko. Una haki ya kusema, "Shingo yangu usiizungushe kwa ghafla," na mtaalamu mwema hataudhika. Dalili hizo zikitokea baada ya tiba, nenda hospitali mara moja na useme wazi ulichofanyiwa.

Watoto wachanga nao wasiingizwe katika jambo hili. Kulia usiku au kuumwa tumbo si ugonjwa wa pingili.

Cheti, picha na mkoba

Kabla ya kulala kitandani, uliza mtu huyo alisomea wapi na amesajiliwa na baraza gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataja mafunzo kamili ya kairopraktiki kuwa si chini ya saa 4,200 katika miaka minne, zikiwemo saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya uangalizi. Barani Afrika, mafunzo ya chuo kikuu hutolewa nchini Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban na Chuo Kikuu cha Johannesburg. Kozi ya siku chache haifanani na hayo, hata cheti chake kikiwekwa katika fremu ya dhahabu.

Uliza pia sababu ya kila picha. Maumivu ya kawaida ya kiuno yasiyo na dalili za hatari hayahitaji eksirei siku ya kwanza. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba alama za kuchakaa kwa diski huonekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya watu wa miaka 80, wote wakiwa hawana maumivu yoyote ya mgongo. Ukionyeshwa picha na kuambiwa mgongo wako umeoza, kumbuka kwamba huenda jirani yako asiyeumwa ana picha kama hiyo hiyo. Mgonjwa aliyetishwa hivyo huacha kuinama, kulima na kubeba mtoto, na mgongo usiotumika huzidi kuuma.

Mwisho, ulizia idadi. Maumivu mapya ya kiuno kwa kawaida hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Mpango wa haki huwa na lengo na kikomo: tutajaribu mara kadhaa, tutapima kama unaweza kuinama na kutembea kuliko mwanzo, na kama hakuna badiliko tutaacha. Kwa maoni yangu wiki nne zatosha kujua. Usilipie kifurushi cha ziara nyingi siku ya kwanza, wala usikubali kwamba mwili mzima wa afya unahitaji kunyooshwa kila mwezi maisha yote. Tiba inayokufundisha mazoezi ya kufanya mwenyewe nyumbani inakupeleka kwenye kujitegemea. Isiyokufundisha lolote inakufanya mpangaji wa kudumu.

Kwa watumishi wa afya

Wagonjwa wengi hawaendi kwa mikono mingine kwa sababu ya ujinga. Huenda huko kwa sababu kwetu mgongo wao haukuguswa. Mtu aliyengoja foleni tangu alfajiri, akaandikiwa sindano ya diklofenaki bila kuvua shati, atamwona yeyote anayeuchunguza mgongo wake kuwa ndiye daktari wa kweli. Kwa hiyo jambo la kwanza tunaloweza kulifanya halihitaji bajeti: tuugonge mgongo, tupime miguu, tuulize juu ya homa na uzito, na tumweleze mgonjwa kwa maneno yake kwamba maumivu si lazima yawe na maana ya kuharibika. Tumpeleke kwa fiziotherapia mapema, isiwe baada ya miezi sita.

La pili, tuulize bila dharau: "Umekwenda kwa nani mwingine?" Mgonjwa anayeogopa kuchekwa hatasema kwamba jana alizungushwa shingo, na hilo ndilo tulilohitaji kulijua alipofika na kizunguzungu. La tatu, mahali ambapo kliniki ya kairopraktiki ipo na mwenyewe amesajiliwa, tuandikiane barua. Yeye ajue ni wapi pa kumpeleka mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo; sisi tujue ni nani huyatuma na nani huwakawiza. Barua hizo, kadiri zinavyopita, ndizo zitakazotuonyesha nani ni mwenzetu katika kazi hii.

Kwa mgonjwa anayekwenda kwa mara ya kwanza, ushauri wangu hauzidi huu. Nenda ukiwa umekwisha kuchunguzwa dalili za hatari. Kaa kitini na usikilize unaulizwa nini. Ukiona huulizwi, uliza wewe: Unadhani nina nini? Kuna njia gani nyingine? Kuna hatari gani? Tutajuaje kama inasaidia? Kuuliza si ujinga, na mtu anayekasirishwa na maswali manne hastahili kukabidhiwa uti wa mgongo wa mtu mwingine.